Bahari inakula kijiji chetu: niwafundisheje watoto shairi lenye tumaini?

*"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano, katika shule ya kijiji kimoja cha pwani wilaya ya Pangani. Kwetu ni bara, huku nina mwaka wa pili. Nina wanafunzi 62. Nimewapa kazi ya kutunga mashairi kuhusu mazingira, na karibu 50 wameandika jambo lilelile: tusikate miti, tupande miti, miti ni uhai. Nikiwabana kwenye vina na mizani wanaacha kuandika kabisa. Nikiwaachia, wananiletea insha iliyokatwakatwa. Halafu hiki kijiji chenyewe bahari inakila. Uwanja wa mpira wa zamani umeshaingia majini, na minazi ya ufukweni mizizi iko nje. Nitawaambiaje waandike matumaini bila kuwadanganya? La mwisho: binti mmoja wa miaka 12, ambaye baba yake alikwenda kuvua mwaka jana asirudi, ameandika shairi zuri kuliko yote. Kila ubeti unaishia 'bahari, nami nichukue'. Nilimpa 18 kati ya 20. Tangu siku hiyo sijatulia. Je, nilikosea?"*

Mwalimu mwenzangu, nianze na hilo la mwisho, maana mengine yote yanaweza kungoja na hili haliwezi.

Hukukosea kuuona uzuri wa shairi lile. Lakini kibwagizo kile kinaweza kubeba mambo mawili tofauti, na ukiwa na karatasi peke yake mkononi huwezi kuyatenganisha, hata mimi siwezi. Kuna maombolezo: mtu wa pwani humsemesha aliyezama, huilaumu bahari, huiambia "basi nichukue na mimi", naye keshokutwa anaosha vyombo na kucheka na wenzake. Na kuna mtoto anayemaanisha neno kwa neno. Usomaji wa shairi haukupi jibu. Jibu analo yeye, na njia ya kulipata ni kumuuliza.

Muulize leo, au kesho asubuhi, si mbele ya darasa wala ofisini ambako walimu wengine wanasahihisha madaftari. Tembea naye, au kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Mwambie umelisoma shairi lake mara mbili tatu, na ule mstari wa mwisho umekukaa moyoni. Kisha uliza kwa maneno mepesi: "Ulipouandika ulikuwa unamkumbuka baba, au kuna wakati unatamani kufa?" Najua unavyojisikia ukisoma swali hilo. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba ukilitaja jambo unaliita. Hapa si hivyo. Kumuuliza mtoto waziwazi hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Aliye nalo mara nyingi hushusha pumzi, kwa sababu alikuwa amelibeba peke yake. Ukishauliza, nyamaza. Usiikimbilie ile "usiseme hivyo mwanangu".

Akikuambia ndiyo, au ukiona anagawa vitu vyake, halali, hali, anajitenga, anashinda peke yake ufukweni, usimwache peke yake siku hiyo na usimwahidi kwamba itakuwa siri yenu. Siku hiyohiyo ongea na mama yake au mlezi wake, mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha, kisha apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe. Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure, Tanzania na Kenya pia. Akikuambia alikuwa anamkumbuka baba tu, mwamini, lakini mama ajue, nawe uendelee kumwangalia kwa wiki kadhaa. Alama 18 ziache zilivyo. Ukizipunguza sasa atajifunza kwamba kusema ukweli kunagharimu. Na tafadhali, shairi hilo lisisomwe kwenye mahafali, hata mwalimu mkuu akilipenda vipi.

Sasa tuje kwa hao 50 wenye "tusikate miti".

Watoto wako hawakukosa ubunifu. Wametii. Jiulize mtoto wa Kitanzania anakutana na shairi wapi kwa mara ya kwanza. Anakutana nalo kwenye gwaride la ngonjera, amevaa sare iliyopigwa pasi, mbele ya mgeni rasmi. Miaka ya 1960, baada ya Azimio la Arusha, Mathias Mnyampala na washairi wenzake waliichukua ngonjera wakaifanya chombo cha kuwafundisha wananchi siasa ya Ujamaa, na chombo kikafanya kazi vizuri sana. Tangu hapo tumeitumia kwa kampeni ya kila aina: kipindupindu, malaria, UKIMWI, sensa, na sasa miti. Siibezi ngonjera, mimi mwenyewe nimeipenda ikanipatia soda nyingi utotoni. Ila imewaachia watoto dhana moja, kwamba shairi ni mahali pa kuhimiza watu. Ukimwambia "tunga shairi la mazingira" anasikia "mhimize mgeni rasmi". Na mtoto anayemhimiza mgeni rasmi hana haja ya kuutazama mti.

Neno "mazingira" nalo lina lawama. Ni neno la ofisini. Hakuna mtoto wa Pangani aliyewahi kumuaga mama yake akisema anakwenda kucheza kwenye mazingira. Anakwenda mtoni, anakwenda mikokoni, anakwenda pwani kuokota chaza.

Kwa hiyo kwa wiki mbili piga marufuku vitu viwili darasani kwako: neno "mazingira", na ile "tu" ya kuhimiza, tutunze, tupande, tusikate. Ruhusu "na", "li" na "hu": anafanya, alifanya, hufanya. Utashangaa jinsi kanuni ndogo ya sarufi inavyomsukuma mtoto nje ya dirisha. Akinyimwa "tusikate mkoko", inabidi aseme mkoko unafanya nini, na hapo lazima akautazame.

Basi wapeleke wakautazame, na wewe wa bara uwe mwanafunzi. Hili nalisema bila utani. Mlangoni mwa Mto Pangani kuna mikoko, na kwa mtoto wa pale mikoko haiishii kwenye neno hilo moja. Baba yake anamtofautishia mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu na mlilana, kwa sababu mwingine unafaa boriti na mwingine unafaa chombo. Waulize wakuoneshe. Mtoto anayemfundisha mwalimu wake jina la mti anasimama tofauti, utaona mabega. Na kama jina analolijua ni la Kizigua au Kibondei, liingie kwenye shairi kama lilivyo.

Mkifika, chagueni kitu kimoja. Mimi hupenda kuanza na jani la mchu. Mchu unaishi kwenye maji ya chumvi, na ile chumvi inayozidi huitoa kupitia majani. Jua likiwaka unaiona imeganda juu ya jani, punje ndogondogo. Kila mtoto alambe jani lake. Kisha uliza swali moja, lisiwe "umejifunza nini?", liwe "hii inafanana na nini nyumbani kwenu?" Hapo usiwape neno "sitiari" hata kidogo, kwa sababu chombo chake wanacho tangu wakiwa na miaka minne. Kitendawili! Tega! Mtoto anayejua kwamba kuku aliyetagia miibani ni nanasi ameshaielewa sitiari. Kilichobaki ni kumruhusu atengeneze ya kwake. Kundi moja nililowahi kulipeleka mikokoni lilitega "mboga yangu huja na chumvi yake". Jingine lilitazama mizizi ya mchu, ile inayochomoza topeni kama vijiti ili ipate hewa, likasema "mwalimu kazika penseli, ncha kaacha juu". Na msichana mmoja alichuchumaa muda mrefu mbele ya shimo la kaa, wale wadogo ambao dume lina gando moja kubwa kupita kiasi, akasema polepole: "Jirani yangu ana mkasi, hakati kitu."

Soma tena huo wa mwisho. Hauna himizo, hauna neno gumu, hauna hata mti. Lakini yule msichana na yule kaa sasa wanajuana. Watu wanapozungumza juu ya mtoto kuungana na asili huwa wanataka jambo kubwa, machozi na machweo. Kwa uzoefu wangu huanzia kwenye kujuana kwa namna hii, kwa ujirani.

Suala la vina na mizani limegawanya watu wakubwa kuliko sisi. Sheikh Amri Abedi aliziandika sheria za utunzi mwaka 1954, na kwa wengi shairi lisilo na vina na mizani halikuwa shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi ambayo haikujifunga na sheria hizo, na ugomvi ukawaka. Haujazimika hadi leo. Taja jina lake mbele ya wazee fulani wa Tanga uone. Wewe huna haja ya kuuamua. Una darasa la watoto wa miaka 11, na swali lako ni dogo zaidi: kipi kije kwanza?

Nilijifunza jibu kwa aibu. Mwaka wangu wa tatu kazini mvulana mmoja, baba yake mvuvi, aliniandikia: "Bahari inanuka kama shati la baba." Nikahesabu. Mizani 14. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Ongeza 2." Kesho yake akaniletea: "Bahari inanuka sana kama shati la baba." Mizani 16, hesabu imetimia, nami nikampa vema. Ilinichukua miaka kuona nilichofanya. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mtoto anayemngoja baba yake. Wa pili ni wa mtoto anayelalamikia harufu. Hakuandika tena habari za baba yake mwaka ule.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuona kwanza, kusema pili, kuhesabu tatu. Lakini usiache kuhesabu, na hapa nitakosana na walimu wengi wa siku hizi wanaosema arudhi, yaani hizo sheria za vina na mizani, inawafunga watoto. Inayofunga ni arudhi iliyokuja mapema na kwa maandishi. Ikija kwa mdomo na mikono ni mchezo. Mwalimu, wapigishe makofi kabla hawajashika kalamu. Mizani si herufi, ni sauti unayoitamka kwa pumzi moja, na watoto hulijua hilo mikononi kabla ya kulijua kichwani. Wape "mbegu" na "mbuyu". Kwa macho yanafanana, yote yanaanza na "mb". Waambie wapige makofi: mbe-gu, mawili. M-bu-yu, matatu. Watabisha, watarudia, watacheka, na dakika kumi zitakuwa zimekwisha bila mtu kuogopa.

Usianze na tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, yenye mizani 16 kwa mshororo na vina vya kati na vya mwisho. Hiyo kwa darasa la tano ni kuvua papa kwa ndoana ya dagaa. Ukiwasukumia, watakuletea "Miti jamani ni mali, tuitunze kwelikweli", ambayo hesabu yake ni safi, nane kwa nane, lakini "jamani" na "kwelikweli" zimewekwa kujaza debe. Anza na ubeti wa utenzi: mishororo minne, mizani minane kila mmoja, mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne una kina chake kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Ni mfupi kiasi cha kukaa kichwani mnaporudi shuleni kwa miguu.

Nikuoneshe mmoja ulivyozaliwa. Tulikuwa tumetazama mbegu ya mkoko. Huu ni mti wa ajabu: mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake. Haianguki ikiwa kokwa, inaanguka ikiwa mche tayari, kijiti kirefu cha kijani. Maji yakiwa yamekupwa huweza kuchoma topeni na kusimama hapohapo; yakiwa yamejaa huelea na kwenda kutafuta tope kwingine. Mtoto mmoja akasema "mkoko una mtoto". Wakapiga makofi: nane. Wakapiga kelele kwa furaha, mstari umejileta wenyewe. Wa pili mtu akatoa "mrefu kama penseli", hesabu inakubali, kina hakikubali. Tukakwama. Tunatafuta kitu chembamba, kirefu, kinachoishia "to". Kimya kikakaa muda mrefu, na nikajizuia nisiseme. Ndipo mvulana ambaye siku zote hukaa nyuma, ambaye nyumbani kwao walikuwa wanajenga, akasema: "Ufito." Fito zile za kujengea ukuta wa udongo, ambazo huko pwani nyingi hukatwa mikokoni humohumo. Kina kilimtuma akatafute, akarudi na kitu ambacho mimi mwenye penseli nisingekipata. Wa tatu tulibishana juu ya "mto", kama ni mto wa maji au mto wa kulalia, tukakubaliana uwe yote mawili. Ubeti ukawa:

Mkoko una mtoto,
Mrefu kama ufito,
Tope kwake ndio mto,
Asubuhi asimama.

Wa pili waachie watunge wenyewe, mradi uishie "ma". Waorodheshe maneno ubaoni: mama, inama, tazama, zama, hama. Kwako hilo la mwisho litaandikwa na mtu, najua, maana kuna familia zimeshahama. Liache.

Wapo ambao makofi hayatawasaidia, na hao waache waandike bila mizani, ila uwafundishe kwamba mstari hukatika mahali panapotaka pumzi. Mtoto asome kazi yake huku anatembea, hatua kwa mstari. Pale anaposimama mwenyewe bila kuambiwa, ndipo mstari unapokatika. Insha iliyokatwakatwa hujulikana haraka kwa njia hiyo, kwa sababu msomaji wake hasimami popote.

Sasa tumaini. Umeuliza utawaambiaje bila kuwadanganya, na kwa kuuliza hivyo umeshavuka nusu ya njia. Mtoto ambaye ameona kwa macho yake goli alilokuwa akilifunga likiingia majini, ukimwambia aandike kwamba yote yatakuwa sawa, ataandika, kwa sababu anataka alama. Lakini atakuwa amejua kwamba na wewe ni mmoja wa wale wasioweza kuambiwa. Ndiyo maana sipendi kuomba "shairi la matumaini". Neno hilo lifiche kama ulivyolificha lile la mazingira.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Charles Snyder, alitumia miaka mingi kuchunguza tumaini, na alilieleza kwa namna inayomfaa mwalimu: mtu mwenye tumaini ana kitu anachokitaka, anaona njia walau moja ya kukifikia, na anajiona ana nguvu ya kuipita njia hiyo. Kuamini tu kwamba mambo yatanyooka hakumo. Maana yake mtoto halipati tumaini kwa kusikia maneno mazuri. Hulipata akiona mtu anafanya jambo, na zaidi akilifanya yeye.

Na hapo kwenu mlangoni kuna mfano ambao ningeutumia kuliko wowote. Kisiwa cha Maziwe. Waulize mababu zao. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga huko kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1975 kikatangazwa kuwa hifadhi. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa. Kisiwa hakijarudi. Lakini kasa hajaambiwa. Bado hupanda pale kutaga, na mayai yakiachwa yatafurika maji, basi watu wa upande wa bara, Ushongo, huyafukua kwa mikono na kuyahamishia mchanga mkavu wa ufukweni kwao, yakae kama miezi miwili mpaka yaanguliwe. Huo ni mfano usio na uongo ndani yake. Upotevu upo palepale, haukufichwa, na kazi ipo palepale, inafanywa na watu ambao huenda mtoto wako anawaita mjomba. Tafuta mmoja wao aje darasani aeleze jinsi anavyoshika yai. Usimwombe atoe nasaha. Mwombe aoneshe mikono tu: anachimba vipi, anabeba kwenye nini.

Baada ya hapo wape neno moja la kuanzia kila mstari. Neno lenyewe ni "bado".

Nimefundisha miaka mingi kabla sijaliona neno hili. Tazama linavyofanya kazi. "Kasa bado anakuja": jambo halijakoma. "Kisiwa hakijarudi bado": jambo halijatimia. Neno moja linashika yaliyobaki na yasiyofika, na halimlazimishi mtoto kuchagua. Mtu akikuuliza "umeshakula?" ukajibu "bado", hujasema hutakula. Watoto wako waandike mistari mitano, kila mmoja uanze na bado, na kila mmoja uwe kitu walichokiona kwa macho. Kwako labda atatokea wa kuandika kwamba bado mnazi umesimama na mizizi nje, au bado babu anashona wavu, au bado nguzo moja ya goli inaonekana maji yakipwa. Hutahitaji kuwaambia waongeze furaha mwishoni. Wakiongeza wenyewe, sawa. Wasipoongeza, usidai.

Ila kumbuka kwamba neno hili litampiga yule binti kifuani kabla ya mtoto mwingine yeyote. Baba bado hajarudi. Kwa familia ya aliyepotea baharini bila mwili kuonekana, "bado" ndiyo jeraha lenyewe. Kwa hiyo usilifundishe kabla hujazungumza naye, na siku ukilifundisha mwambie mapema kazi itakuwa ipi, umpe na nyingine ya kuchagua. Akichagua "bado", keti karibu. Akichagua kuchora kaa, mpe rangi.

Na usahihishaji: gawanya alama zako mara mbili. Nusu kwa kuona, yaani je, kuna kitu hapa ambacho ni huyu tu aliyekiona? Nusu kwa ufundi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi utawauliza vina na beti, huna budi kuwaandaa, lakini mtoto aliyetunga beti kumi kwa makofi hatapotea kwenye swali la vina. Wino uwe wowote usiokuwa mwekundu. Huo ni ushirikina wangu binafsi.

Siku ya kwenda, angalia mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na siku hizo huku kwetu maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi, katikati ya vipindi, kama yamepangwa na wizara. Kila siku inayofuata yatachelewa karibu dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usijisumbue, hayatoki vya kutosha. Usiwapeleke wote 62 kwa mara moja. Wagawe makundi matatu kwa siku tatu, na kila kundi liwe na mzazi anayeijua mikondo ya pale, tena aliyekubali kuacha simu mfukoni. Wavae viatu vya zamani, chaza za kwenye mizizi zinakata kama wembe. Madaftari yabaki shuleni. Mkirudi kabla maji hayajaanza kujaa, mtakuwa na mistari kichwani, mtaiandika ubaoni.

Na wekeni ndoo tatu za maji baridi nje ya darasa tangu asubuhi. Tope la mikokoni likikauka kwenye soksi nyeupe halitoki, na mama zao wanajua nyumba uliyopanga.